Kampuni ya ushauri nayo hununua

Dada, umesema kampuni yenu ndogo ya ushauri wa fedha pale Upanga, Dar es Salaam, imekwama kwenye kipengele cha zabuni kinachouliza ununuzi wenu unanufaishaje jamii, kwa kuwa ninyi "mnauza utaalamu tu".

Mnanunua, dada. Fungueni leja ya mwaka jana: chakula cha semina, usafi wa ofisi, uchapaji wa ripoti, wakusanya takwimu, wakalimani wa lugha ya alama. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ya Tanzania inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Haiwafungi ninyi kampuni binafsi, lakini ni kipimo kizuri cha kujiwekea. Vikundi mtavipata kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri.

Ila jambo linaloniuma ni malipo. Kikundi cha kina mama kinapika kwa mtaji wa mkopo, halafu ankara inalala mezani kwenu miezi mitatu mkingoja mteja awalipe. Hapo wao ndio wanaowakopesha ninyi! Andikeni siku 14 kwenye mkataba, tena muwape malipo ya awali ya kununulia vyakula. Hilo lina uzito kuliko sera ya kurasa ishirini.

Kwenye utaalamu wenyewe, mpeni mhasibu kijana au mwenye ulemavu sehemu kamili ya kazi, na jina lake lisomeke kwenye ripoti. Kisha ambatisheni mikataba na risiti kwenye zabuni; msiahidi msichoweza kukionyesha.