Mkono bado unatafuta ufunguo: kuzoea gari la kubonyeza

Swali: Fundi, salaam. Nimeendesha magari ya ufunguo wa kuchomeka kwa miaka 23. Sasa wanangu wamenipa gari la kubonyeza kitufe, la gia otomatiki, na kusema kweli linanitia wasiwasi. Kuna siku nabonyeza, redio inawaka, taa za dashibodi zinawaka, injini kimya. Wiki iliyopita nilishuka na pochi yangu, ufunguo umo ndani, nikaingia nyumbani. Baada ya kama nusu saa jirani akagonga kuniuliza mbona nimeacha gari linanguruma. Na je, nikigusa kitufe kwa bahati mbaya nikiwa kwenye mwendo, gari litazima? Betri ya ufunguo ikiisha nikiwa mbali, ndiyo nimelala njiani?

Jibu: Shikamoo mama. Hilo la jirani kugonga ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine, na nitalipa nafasi kubwa. Lakini kwanza tuone ni kitu gani hasa kimebadilika.

Ufunguo wa kuchomeka ulikuwa na kazi nne. Ulithibitisha kwamba gari ni lako, ulifungulia umeme, ulipiga starta, na mwisho wa safari ulikuwa ushahidi: ukiwa mkononi, gari limezima. Kwenye gari lenye swichi nzima huwezi kuuchomoa injini ikiwa inafanya kazi, na kwenye otomatiki nyingi hautoki mpaka gia iwe P, yaani ya kuegesha. Mkono wako umekuwa ukiusoma ushahidi huo kwa miaka 23 bila wewe kuwaza. Sasa ufunguo umo kwenye pochi tangu unapotoka nyumbani mpaka unaporudi, na haukuambii lolote. Kazi tatu za kwanza gari limezichukua na linazifanya vizuri. Ya nne limekuachia wewe, na ndipo tabu yako ilipoanzia.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kuwasha, tuzungumze kuzima.

Gari la kubonyeza halizimi kwa sababu dereva ameondoka na ufunguo. Wengi wanadhani litazima, na ni dhana inayoeleweka, lakini watengenezaji wameliacha liendelee kwa makusudi: ufunguo ukipoteza mawasiliano ghafla barabarani, injini isikatike ukiwa katikati ya magari. Ukishuka nao linalia pii-pii na kuandika onyo kwenye dashibodi, ila dashibodi umeshaipa mgongo, na mlio ule unafanana na milio mingine kumi ya gari hilohilo. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme pamoja, ni ya kuogopwa zaidi hapa. Ukifika nyumbani injini ya petroli inaweza kuwa imenyamaza, ukaamini umezima kumbe mfumo uko hai. Baadaye, betri yake ikipungua, injini inajiwasha yenyewe bila mtu ndani.

Gari likiwa nje, hasara yako ni mafuta na usumbufu kwa jirani. Likiwa ndani ya banda lililoungana na nyumba, moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inapenya mpaka vyumbani watu wakiwa wamelala. Nchini Marekani, gazeti la The New York Times lilihesabu mwaka 2018 vifo zaidi ya 20 vya namna hiyo tangu 2006, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wazima wa umri mkubwa, watu waliozoea ufunguo kama wewe. Baadhi ya kampuni zimeanza kuweka mfumo wa kuzima injini wenyewe gari likiachwa muda mrefu. Toyota ilitangaza hilo kwa magari yake ya Marekani kuanzia modeli za 2020. Kama gari lako ni la kabla ya hapo, chukulia kwamba halina.

Dawa yake ni kuupa mkono kazi mpya mahali pa ile ya zamani. Kanyaga breki, simamisha gari kabisa. Weka P. Vuta breki ya mkono. Bonyeza kitufe mara moja. Halafu, kabla ya kugusa kitasa cha mlango, tazama dashibodi mpaka mishale yote ianguke na maandishi yapotee, ndipo uchukue pochi. Usitegemee masikio, injini za siku hizi ni tulivu mno. Mimi huwaambia wateja waseme kwa sauti, "Limezima," huku macho yako kwenye dashibodi. Unaweza kuona haya siku mbili tatu, lakini sauti yako mwenyewe inashika kichwani kuliko mlio wa gari.

Ule mpangilio wa P kwanza, kitufe baadaye, una sababu. Magari mengi ukibonyeza kuzima gia ikiwa bado kwenye D (ya kwenda mbele) au N (huru), injini inakata lakini umeme haukatiki wote; gari linabaki kwenye hali ya redio. Unashuka ukijua umezima, asubuhi unakuta betri imelala. Baya zaidi, gari lisilowekwa P wala breki ya mkono linaweza kuteremka lenyewe. Yapo yanayojiweka P ukizima, lakini usiishi kwa kutegemea hilo mpaka umelisoma kwenye kitabu cha gari lako.

Sasa huko kuwasha redio badala ya injini. Kitufe chako kina ngazi tatu zilezile za swichi ya zamani. Ukibonyeza bila kukanyaga breki, mara ya kwanza unapata umeme wa redio, mara ya pili umeme wote wa dashibodi, mara ya tatu unarudi kuzima. Injini inawaka pale tu breki imekanyagwa (kwa gia za mkono ni klachi). Ukishakanyaga, huhitaji kupita ngazi yoyote, wala huhitaji kushikilia kama ulivyokuwa ukishikilia ufunguo mpaka injini ishike. Gusa mara moja uachie, gari litapiga starta lenyewe na kujua wakati wa kuacha. Hata kubonyeza kwenyewe si mgeni: kabla Chrysler haijaunganisha ufunguo na starta mwaka 1949, madereva wengi walikuwa wakibonyeza kitufe au kukanyaga kipedali cha starta.

Magari mengi yana kitaa kidogo kwenye kitufe. Kwenye Toyota, kwa mfano, kikiwa cha rangi ya chungwa uko kwenye ngazi za umeme tu. Ukikanyaga breki sawasawa na ufunguo ukatambuliwa, kinageuka kijani. Zoea kusubiri kijani hicho kabla ya kidole kushuka.

Inatokea pia umekanyaga breki na bado haliwaki. Angalia mguu wako. Gari likikaa limezima, halafu mtu akaichezea pedeli mara kadhaa, ule mvuto wa hewa unaosaidia breki unaisha na pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Unahisi umekanyaga kumbe haijashuka vya kutosha kugusa swichi yake. Kanyaga kwa nguvu zaidi. Usukani nao ukiwa umejifunga, utikise kushoto na kulia huku ukibonyeza.

Kuna gari liliwahi kuvutwa hadi karakana kwangu, mwenyewe akiamini kompyuta imekufa na ameshajiandaa kwa gharama. Kila kitu kilikuwa kinawaka ila injini. Nilimwomba akanyage breki, nikazunguka nyuma: taa za breki hazikuwaka, hata moja. Ilikuwa ile swichi ndogo iliyo juu ya pedeli imekufa. Gari halikuwa na njia ya kujua kwamba breki imekanyagwa. Kwa hiyo ukikwama, mwombe mtu atazame taa za nyuma kabla hujaita gari la kuvuta. Magari mengi yana njia ya dharura kwa tatizo hilo: gia P, umeme kwenye ngazi ya redio, kanyaga breki kwa nguvu na shikilia kitufe kwa sekunde 10 hadi 15. Likiwaka, nenda moja kwa moja kwa fundi, maana unaendesha bila taa za breki.

Kuhusu kukigusa kitufe kwenye mwendo: mguso mmoja wa bahati mbaya hauzimi injini. Ila ni lazima ujue namna ya kuzima kwa dharura, kwa sababu haifanani na kuzungusha ufunguo. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, watu wanne walikufa kwenye gari la Lexus la kuazimwa baada ya zulia la sakafuni lisilo lake kubana pedeli ya mafuta. Gari lile lilikuwa la kubonyeza, na kuzima kwenye mwendo kulitaka kushikilia kitufe kwa sekunde tatu, jambo ambalo aliyeazima gari hawezi kulibuni akiwa kwenye mwendo wa kasi. Kwenye magari mengi ya sasa ni kushikilia kwa sekunde mbili au tatu, au kubonyeza haraka mara tatu au zaidi. Tafuta ukurasa huo kwenye kitabu cha gari lako leo. Pedeli ya mafuta ikikwama, kwanza kanyaga breki kwa nguvu zote bila kuachia na uweke N. Kuzima kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu usukani utakuwa mzito na msaada wa breki utakwisha baada ya kukanyaga mara chache.

Betri ya ufunguo ikiisha hutalala njiani. Ufunguo wako ni redio ndogo: ukikaribia, gari linauita kwa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi kilohezi 125, nao unajibu kwa megahezi 315 au 433. Kujibu ndiko kunakokula betri. Lakini ndani yake mnaishi pia chipu isiyohitaji betri, inayopata nguvu kutoka kwa gari ikiwekwa karibu kabisa. Kwa hiyo utoe ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva (king'ora kikilia usishtuke), kaa, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kisha bonyeza. Baadhi ya magari yana mahali maalumu pa kuiweka, kwenye kisanduku cha katikati au kando ya usukani. Fanya zoezi hili mchana, nyumbani, ukiwa na mwanao, ili siku ya shida vidole viwe vinajua njia. Betri yenyewe ni ile bapa ya mviringo ya volti 3, nyingi ni CR2032, yaani kipenyo milimita 20 na unene milimita 3.2. Soma namba iliyoandikwa juu ya ya zamani, maana CR2025 inafanana nayo sana ila ni nyembamba. Na usiuhifadhi ufunguo ukutani karibu na gari. Gari linauamsha mara kwa mara na kuumaliza.

Mawili ya haraka. Ukimshusha mtu aliyebeba ufunguo, gari litaendelea kwenda, lakini ukilizima huko mbele haliwaki tena mpaka afike. Na wezi wanaweza kurefusha mawasiliano ya ufunguo ulio ndani ya nyumba kwa vifaa viwili, kimoja mlangoni na kingine garini. Watafiti wa chuo cha ETH Zurich walilionyesha hilo mwaka 2011 kwenye magari 10 ya kampuni 8. Kopo la chuma lenye mfuniko linaweza kuziba mawimbi. Lijaribu: weka ufunguo ndani, funika, sogea mlangoni mwa gari uguse kitasa. Ukifunguka, tafuta kopo jingine.

Huyo jirani umshukuru, na umwombe akilisikia tena linanguruma agonge papo hapo, asingoje nusu saa.