Kabla ya kuomba mkopo wa halmashauri, pima mkaa wako

Ombi la kwanza la kikundi chetu cha mama lishe hapa Tabora mjini lilirudishwa. Tulikuwa tumeandika kwamba tunataka kukuza biashara, basi, bila hesabu hata moja. Iliniuma sana, na kwa miezi kadhaa sikutaka hata kusikia habari ya mkopo.

Aliyenirudisha kwenye mstari ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, binti wa umri wa mwanangu. "Mama, mkaa unakugharimu shilingi ngapi kwa wiki?" Sikuwa na jibu. Mchele na nyama nilivijua mpaka senti, lakini mkaa naununua leo debe, kesho nusu, nikipungukiwa namtuma mtoto kwa jirani. Akaniambia niandike kila kitu kwa wiki mbili. Nilipojumlisha nilinyamaza: mkaa ulikuwa unakula zaidi ya faida niliyokuwa narudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo, dada zangu, anzeni na daftari. Kwa sheria, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Na hapa kwetu hela hiyo ina historia yake. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, sehemu ya mapato ya halmashauri ni ushuru wa tumbaku, na tumbaku inakaushwa kwenye mabani kwa kuni za miombo. Naamini kabisa kwamba hela iliyotoka kwenye msitu inastahili kurudi kuupunguzia mzigo.

Andiko letu la pili halikusema "kukuza biashara". Lilisema: majiko banifu (yale yanayotumia mkaa kidogo) mangapi, bei ya kila moja, mkaa tunaotumia sasa, mkaa tutakaookoa, na rejesho la kila mwezi litatoka kwenye akiba hiyo hiyo. Tuliambatanisha katiba ya kikundi, cheti cha usajili, namba ya akaunti ya benki, na kurasa za daftari. Likapita. Gunia lililokuwa likinitoka kwa siku tisa sasa linafika siku kumi na tano, na rejesho silisikii uzito wake.

Majiko peke yake hayatoshi, tabia nayo lazima ibadilike. Maharage nayaloweka tangu usiku, sufuria haikai bila mfuniko, na makaa yanayobaki baada ya wali ndiyo yanayochemshia maji ya chai ya jioni.

Nyumbani maharage napikia jiko la presha la umeme, ambalo kwa kilo moja halimalizi unit moja. Ila mita yako uijue kwanza. Kwenye daraja la D1 la TANESCO, lile la wateja wa matumizi madogo ya nyumbani, unit ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo mpaka ufikishe 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni shilingi 350. Mama akipikia biashara nzima kwenye mita ya nyumbani atavuka 75 mapema na kusema umeme ni ghali, kumbe amejivusha mwenyewe.

Wanaotaka zabuni za kulisha shule wafikirie gesi mapema, maana serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, nao wamekuwa wakiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei. Mitungi hiyo huja kwa idadi maalumu kwa kila wilaya na huisha upesi, kwa hiyo muulize mtendaji wako wa mtaa mara kwa mara, na namba yako ya NIDA uwe nayo mkononi.