Maswali ya Wasomaji: Kamera Mbili za Mfukoni, Kazi Tofauti

SWALI: Habari za kazi. Nataka kununua kamera ndogo ya kutia mfukoni, si ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Nimechambua nimebaki na mbili: Ricoh GR III na Sony RX100 VII. Nitapiga picha mitaani Mji Mkongwe, shughuli za familia usiku, na Desemba tunakwenda hifadhi ya Mikumi. Muuzaji ananishauri nichukue Ricoh kwa kuwa ina megapikseli 24 na Sony ina 20. Ni kweli? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Ndugu yetu, hiyo tofauti ya megapikseli huwezi kuiona kwa macho. Picha ya ukubwa wa A3 iliyosafishwa vizuri inahitaji megapikseli 17 na ushei, na kamera zote mbili zinapita hapo. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, na urefu wa lenzi.

Zote mbili zilitoka 2019. Kihisi cha Ricoh kina milimita 23.5 kwa 15.6, cha Sony milimita 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu ya eneo utaona cha Ricoh kinakizidi cha Sony zaidi ya mara tatu. Mchana wa jua kali hutagundua chochote. Usiku ndipo mambo yanapobadilika: kwa tundu lilelile la lenzi la f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) na kasi ileile ya shata, yaani kile kizibo kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, Ricoh inakusanya mwanga mara tatu, na picha yake ya ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga) inakuwa na chenga, vile vidoadoa vya usiku, takriban sawa na ya Sony iliyopigwa kwa ISO 2000. Forodhani baada ya magharibi, penye taa za meza za wauza urojo na mishikaki, anza na f/2.8, kasi ya 1/60 na ISO 3200. Ricoh itakupa picha safi kwa namba hizo. Ya Sony itakuwa na chenga kidogo kwenye sehemu za giza, lakini ni picha ya kutazamika na ya kuweka kwenye albamu.

Sasa lenzi. Ricoh haivuti; ni milimita 28, basi. Sony inaanza 24 hadi 200. Tuseme mmekuta simba amelala mita 20 kutoka barabarani. Ukivuta Sony mpaka mwisho, fremu yako inachukua upana wa mita 3.6, kwa hiyo simba mwenye urefu wa mita 2 anajaza zaidi ya nusu ya picha. Ukiwa na Ricoh, palepale, fremu inachukua upana wa karibu mita 26. Simba anakuwa alama kwenye majani. Utasema utaikata picha ukifika nyumbani: ukiikata mpaka ifanane na ile ya Sony, megapikseli 24 zinabaki chini ya nusu megapikseli moja. Hiyo haifai hata kwa kadi ya salamu. Na kumbuka kuwa hifadhini gari linabaki barabarani, huwezi kumwambia dereva asogee hadi kwa mnyama.

Ndiyo maana tunapenda mtu asiulize kamera ipi ni bora, aulize kila moja inashindwa wapi kabisa. Kwenye orodha yako, kazi mbili Ricoh inazifanya vizuri zaidi, na Sony inazifanya vizuri kiasi. Ya tatu Ricoh haiifanyi. Kwa hiyo chukua Sony. Mikumi ingekuwa haimo, jibu lingekuwa Ricoh bila kusita.

Ukifika Mikumi, mwombe dereva azime injini kabla hujapiga, maana mtetemo wa gari unaharibu picha ya milimita 200 kuliko mkono wako. Weka kamera juu ya mfuko mdogo wa mchele au maharage kwenye ukingo wa dirisha. Kasi isishuke chini ya 1/500 kwa mnyama anayetembea. Ikibidi panda ISO hadi 1600. Toka alfajiri: saa sita mchana joto linapopanda kutoka ardhini, hewa inacheza na picha ya mbali inaonekana kama imepigwa kupitia maji, na hakuna kamera inayotibu hilo. Ndege wadogo usiwahangaikie, milimita 200 haziwatoshi.

SWALI: Nina GR III. Nikipiga watu wanaotembea Kariakoo, nusu ya picha zina ukungu ingawa kamera ina kizuia mtikisiko. Je, ni mbovu? *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Si mbovu. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako. Hakimsimamishi mtu anayetembea. Tazama picha zako tena kwa makini, maana ukungu uko wa aina mbili na tiba zake ni tofauti.

Kama majengo yametulia na watu ndio wamechoreka, kasi ya shata ilikuwa ndogo. Weka kiwango cha chini cha kasi kiwe 1/250. Kwenye GR III kipo ndani ya mpangilio wa ISO ya kujiendesha. Hapohapo weka ISO ya juu kabisa iwe 6400. Kuanzia hapo kamera itapandisha ISO kabla ya kupunguza kasi.

Kama mtu wa mbele ana ukungu lakini duka la nyuma yake limekaa sawa, fokasi ndiyo iliyokosea: kamera ilishika ukuta. Hapo tumia kitu ambacho Ricoh wamekiwekea nguvu zao, fokasi ya Snap. Unaiambia kamera umbali mapema, nayo haitafuti tena. Umbali unaochaguliwa ni kati ya mita 0.3, 1, 1.5, 2, 2.5, 3.5, 5 na mbali kabisa. Chagua mita 2, tundu f/8. Kwa mpangilio huo kila kitu kuanzia mita 1 hadi makumi ya mita kinakuwa kwenye fokasi. Unabonyeza tu, picha imepatikana. Washa pia Full Press Snap kwenye menyu: ukibonyeza nusu, kamera inatafuta fokasi kama kawaida, ukibonyeza moja kwa moja hadi chini, inatumia ule umbali uliouweka.

Kosa linalowapata wengi ni kubaki kwenye Snap jua likishazama. Tundu likifunguka hadi f/2.8, ule ukanda wa fokasi wa mita 2 unapungua na kuwa kati ya mita 1.5 na 3 tu. Usiku rudi kwenye fokasi ya kawaida, au jizoeze kukadiria mita mbili kwa macho mpaka usikosee. Na watu waombe: "Naomba picha" ni maneno mawili, na yanafungua nyuso kuliko lenzi yoyote.

SWALI: Mwanangu kanizawadia kamera ya Ricoh. Nikiwapiga wajukuu picha za uso, pua zinakuwa kubwa na nyuma hakufifii kama kwenye picha za studio. Jirani ana Sony RX100 VII, yake inafifisha vizuri. Si husemwa kuwa kihisi kikubwa ndicho kinachofifisha? *Bibi wa wajukuu wanne, Morogoro*

JIBU: Shikamoo bibi. Kihisi kikubwa kinasaidia, lakini hapa lenzi ndefu inakishinda. Kinachoamua ni upana halisi wa tundu lenyewe, si ile namba ya f peke yake. Lenzi ya Ricoh ina urefu halisi wa milimita 18.3 (zile 28 na 200 ni namba za kulinganishia kamera zenye vihisi tofauti), gawa kwa 2.8 unapata tundu lenye upana wa milimita 6.5. Sony ikivutwa mpaka mwisho ina urefu halisi wa milimita 72 hivi. Gawa kwa 4.5 unapata milimita 16. Mtoto akiwa na ukubwa uleule ndani ya fremu, ukuta wa mbali nyuma yake utafifia kwa Sony zaidi ya mara mbili. Jirani yako hakukudanganya.

Pua nayo inatokana na umbali. Ili uso ujaze fremu ya milimita 28 unalazimika kumsogelea mtoto karibu mno, na kilicho mbele kabisa kinavimba. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, kisha tumia mkato wa ndani wa kamera: upo wa milimita 35 unaobakiza megapikseli 15, na wa milimita 50 unaobakiza 7. Saba zinatosha picha ya ukubwa wa A4 ya kutundika sebuleni. Mtoto asikae akiegemea ukuta; mpeleke mbele mita tatu au nne, kwenye kivuli cha mlango au baraza, uso ukielekea kwenye uwazi.

SWALI: Nilirekodi harusi ukumbini kwa RX100 VII. Kamera ilijizima katikati ya hotuba, na kwenye sehemu nyingine kuna mistari ya giza inayopanda juu na chini. *Msomaji, Arusha*

JIBU: Kujizima ni joto. Mwili ule mdogo hauna pa kutolea moto wa 4K, yaani video yenye maelezo mengi kuliko Full HD. Kwenye menyu tafuta Auto Pwr OFF Temp. uitoe kwenye Standard uiweke High. Itavumilia zaidi, lakini iwe juu ya stendi, usiishike mkononi maana inachoma. Kifungue kioo cha nyuma, kisilale juu ya mwili. Kwa hotuba ndefu shuka hadi Full HD. Tunalisema hilo bila aibu, kwa sababu hotuba ya baba mkwe iliyokamilika ina thamani kuliko nusu yake yenye 4K. Beba betri tatu. Kadi iwe ya U3, alama ya kasi iliyoandikwa juu yake, kama utatumia 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, na uhesabu dakika 85 hivi kwa kadi ya gigabaiti 64.

Mistari inatokana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu na taa nyingi za LED zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Weka kamera kwenye PAL, mfumo wa video wa nchi zenye umeme wa hezi 50, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50. Kamera iliyonunuliwa Marekani huja ikiwa kwenye NTSC, mfumo wa hezi 60. Ukiibadilisha itakutaka ufomati kadi upya, basi fanya hivyo nyumbani, si ukumbini kadi ikiwa na picha za asubuhi. Mistari hiyohiyo utaiona kwenye picha za mfululizo wa 20 kwa sekunde, maana huo unatumia shata ya kielektroniki, na kwa shata hiyo flashi haiwaki. Ndani ya ukumbi rudi kwenye shata ya kawaida. Flashi ya Sony ina bawaba: ivute nyuma kwa kidole itazame dari jeupe, nyuso zitapata mwanga laini badala ya ule wa kupauka. Dari likiwa la mbao au limefunikwa vitambaa vya rangi, achana nalo, mwanga utarudi na rangi hiyo. Ricoh GR III haina flashi ndani. Ina sehemu ya kuchomekea flashi ya nje juu yake, ambayo Sony hii haina.

SWALI: Tunaishi karibu na bahari. Kipi kitadumu kati ya hizi mbili? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hakuna iliyozibwa dhidi ya maji wala vumbi, na lenzi za zote mbili zinatoka na kuingia. Kila ikitoka inavuta hewa ndani, na hewa inakuja na kilichomo. Kwa vumbi, malalamiko ya wenye GR III yanajulikana, na ni lawama ya haki kwa kamera nzuri namna ile. Inayo huduma ya kutikisa kihisi kwenye menyu. Itumie mara kwa mara, ingawa vumbi lililonata halitoki kwa mtikiso.

Ukinunua kamera iliyotumika, ipime hivi kabla ya kutoa pesa: weka tundu dogo kabisa, f/16 kwa Ricoh au f/11 kwa Sony, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga tupu bila kufokasi, piga, kisha ikuze picha kwenye kioo. Vumbi ni madoa ya kijivu yasiyohama, picha baada ya picha. Madoa mawili matatu pembeni si kitu. Yakiwa katikati, punguza bei kwa gharama ya fundi, kwa kuwa lenzi haifunguki na huwezi kuufikia kihisi mwenyewe. Washa na uzime kamera mara kumi ukisikiliza: lenzi itoke kwa mlio mmoja, bila kukwama wala kukwaruza.

Unyevu ni adui wa polepole. Ukungu wa fangasi huota ndani ya lenzi inayokaa gizani penye hewa nzito, na ukishaota unaacha alama. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, weka gramu 100 za silika jeli ya kubadili rangi, zile punje zinazofyonza unyevu, kamera ilale humo bila mkoba wake wa ngozi. Rangi ikibadilika, kausha jeli kwenye oveni kwa nyuzi 110 saa mbili, uitumie tena.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi itatoa jasho. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujatoka, subiri dakika 20 hadi 30 mpaka ipate joto la nje, ndipo uiwashe. Ikitoa jasho kabla hujawahi, usiiwashe, maana lenzi itavuta unyevu huo hadi kwenye kihisi.