Barua kwa mwanangu Kulwa: dhahabu tunayo, sasa hela inaishia wapi

Kulwa mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza yote, na hao wenzako wa ofisini huko Dodoma nimewasikia wanavyobishana nyuma yako, mmoja anasema rasilimali ni laana, mwingine anakutajia asilimia 10 ya pato la taifa, na wewe ukaniuliza mama uliyeshinda soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza miaka yote hii unaonaje, hivi dhahabu na samaki na almasi zinasaidia kweli nchi kama zetu au ni maneno ya taarifa ya habari tu. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo hivi, ukagusia kwamba rafiki yako anataka mtie hela kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kule Nyarugusu Geita. Hilo la pili nimelisikia vizuri sana, tutafika.

Zinasaidia. Nianze hapo ili usije ukaniweka kundi la laana. Huyo wa asilimia 10 hajakosea, wizara walitangaza kwamba mwaka 2024 madini yalifika asilimia 10.1 ya pato la taifa, na dhahabu peke yake inaingiza zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Na hizo dola siyo za kudharau maana petroli unayoweka kwenye pikipiki yako, dawa za hospitali, mbolea, vyote vinanunuliwa nje kwa dola, na dola hazichapishwi Dodoma. Nchi isiyo na kitu cha kuuza nje inakopa au inakaa bila. Kwa hiyo hapo mmalize ubishi. Ila mimi nikiulizwa kitu kinasaidia kiasi gani siangalii kimeuzwa bei gani, naangalia kimepita mikono mingapi kabla hakijavuka mpaka, na kila mkono umebaki na nini.

Chukua samaki wa humu humu ziwani. Sangara siyo mwenyeji, aliletwa na wakoloni miaka ya 1950 kule upande wa Uganda, wakasema atakuwa samaki mkubwa wa biashara, akala furu, wale samaki wadogo wa asili, mpaka aina nyingi zikapotea kabisa, na kufika miaka ya 1980 karibu ziwa lote ni yeye. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota hapa Mwanza, ndege zikawa zinatua zinabeba mnofu kwenda Ulaya. Hela iliingia siwezi kukudanganya, watu walijenga, wengine walioa wake wa pili wakajuta. Lakini angalia ilivyogawanyika: mvuvi anakopeshwa nyavu na injini na tajiri, samaki akipatikana lazima amuuzie huyo huyo kwa bei anayopanga yeye, tajiri anapeleka kiwandani, kiwanda kinapeleka Ulaya, na sisi wa huku nje ya geti tunauziwa mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kutolewa. Mimi mapanki nayapenda mpaka leo, yakikaangwa vizuri na pilipili hata mnofu siutaki, usinionee aibu. Ila hesabu ndo hiyo. Na mlango ulikuwa mmoja tu, Ulaya walipoufunga mwaka 1999 kisa habari za watu wanaovua kwa sumu, mji mzima ukapigwa na butwaa, bei mwaloni ikaanguka, vibarua wa kiwandani wakarudi nyumbani. Baadaye walifungua, sawa, lakini tuliona maana ya kutegemea mnunuzi mmoja aliye mbali.

Halafu kuna mabondo, ule mfuko wa hewa wa ndani ya sangara. Bondo kavu linakwenda China, na kilo yake inaizidi mbali kilo ya mnofu wenyewe. Sasa hivi hata mtoto wa mwaloni anajua, sangara akipandishwa watu wanaulizia bondo kwanza samaki baadaye. Kitu ni kile kile, kilikuwepo ndani ya tumbo la samaki siku zote, ila hela yake ilianza kutulia kwa watu pale tu walipojua nani ananunua na kwa bei gani.

Dagaa sasa. Dagaa hana sifa, hakuna waziri anapiga naye picha. Anavuliwa usiku giza likiwa zito, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanalala, zamani kwa karabai sa hivi taa za sola, asubuhi anashushwa, kina mama wanaanika juu ya mchanga au kwenye vichanja, kuna anayegeuza, anayechambua, anayeshona magunia, anayebeba, mama lishe anayewapikia wote hao, kijana wa mtumbwi anayeleta kutoka Goziba na Ukerewe, dalali, mwenye stoo, dereva wa lori, halafu hapa sokoni kwetu Kirumba utamkuta Mkongo, Mzambia, Mnyarwanda, Mrundi, kila mmoja na bei yake na lafudhi yake. Mmoja akikwama mpakani mwingine yupo. Ada zenu wewe na Doto zimetoka hapo na unajua. Shida yake ni mvua tu, ikinyesha siku mbili dagaa wanaoza, wanageuka chakula cha kuku na bei inakuwa ya matusi, na hapo ndo nashangaa serikali inaongea viwanda vikubwa kila siku wakati vichanja na vikaushio vya jua, vitu vya bei ya kawaida kabisa, vingeokoa mzigo mwingi sana. Lakini ukiniuliza shilingi ya samaki yupi imelala nyumba nyingi zaidi kandokando ya ziwa hili nitakwambia dagaa, na nitabishana na profesa wenu yeyote.

Sasa peleka hesabu hiyo hiyo Geita.

Migodi mikubwa ilipoanza, Nzega 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001, sheria ya 1998 ilikuwa inachukua mrabaha, ule mgao wa serikali kwenye madini yanayouzwa, asilimia 3, na kampuni zikaruhusiwa kutoa kwanza gharama zao zote za mitambo kabla hazijaanza kulipa kodi ya mapato, kwa hiyo miaka na miaka kwenye makaratasi wanaonekana wana hasara huku dhahabu inatoka. Halmashauri zilizoukalia mgodi zilikuwa zinapewa dola 200,000 kwa mwaka mzima, basi. Mkataba wenyewe siri. Wala siyo kwamba wazungu waliiba usiku, tulisaini mchana, kipindi hicho bei ya dhahabu duniani ilikuwa chini na kila nchi ya Afrika inagombania wawekezaji, Benki ya Dunia inashauri legezeni masharti, tukalegeza mpaka suruali ikadondoka. Ndo ikaja tume ya Jaji Bomani ya kuangalia upya mambo ya madini, ripoti ikatoka 2008, sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha kuwa asilimia 4, halafu 2017 unaikumbuka mwenyewe, makinikia, ule mchanga wenye dhahabu unaosafirishwa nje, makontena yamezuiwa bandarini, tukaambiwa tunaidai kampuni ya migodi dola bilioni 190 watu wakaanza kutaniana kila Mtanzania atapata gari lake la Noah. Noah haikuja. Kilichokuja ni makubaliano ya Januari 2020, dola milioni 300 na kampuni ya ubia ya Twiga ambayo serikali ina hisa asilimia 16, na kabla ya hapo sheria ilishabadilishwa mrabaha ukawa asilimia 6 na asilimia 1 ya ukaguzi juu yake. Mimi naona ule wa Noah ulikuwa mchezo wa kuigiza lakini hii asilimia 16 na 6 ni kitu cha kweli, inaingia kila mwaka bila kelele. Halmashauri nazo sasa zinakula ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo, na dhahabu ilivyopita dola 4,000 kwa wakia mwaka 2025 hiyo sehemu ndogo siyo haba.

Swali linalobaki ni inakwenda wapi. Daraja la Kigongo Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilivuka nalo kwenda msiba Sengerema, kilomita 3 za maji unavuka hata hujamaliza kusalimiana, na mimi najua kungoja kivuko na mgonjwa au na mzigo wa samaki. Serikali wanasema limejengwa kwa hela za ndani. Hakuna anayeweza kukuonyesha shilingi ya dhahabu iliingia kwenye nguzo ya ngapi, lakini mimi rasilimali ikigeuka kuwa kitu kama kile nanyamaza, dhahabu itaisha daraja litabaki. Ikigeuka kuwa semina na posho na magari ya msafara, hapo huyo rafiki yako wa laana mpe kiti akae.

Na itaisha kweli. Nzega umeshafungwa, Buzwagi pale Kahama ulifungwa 2021, muulize mjomba wako aliyekuwa na nyumba za kupangisha kule. Wenzetu Botswana walipata uhuru 1966 wakiwa maskini wa kutupwa, mwaka uliofuata almasi zikaonekana, wakakaa na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, mpaka kampuni ya uchimbaji ikawa nusu kwa nusu, wakatunga mfuko wa akiba, wakawabana mpaka mauzo yenyewe yakahamishwa kutoka London kwenda Gaborone. Wamefanya karibu kila kitu sawa. Na bado miaka hii almasi za maabara zimeangusha bei wanahangaika, maana walisimamia mguu mmoja. Zambia na shaba yao miaka ya 1970 ndo usiseme, bei ilianguka na madeni yakabaki. Sisi afadhali kidogo tuna vingi, dhahabu, utalii, korosho, bandari, ila mkoa kwa mkoa tuna mguu mmoja mmoja, Geita ukitoa dhahabu unabaki na nini? Mahindi na mananasi. Na Mwanza hii ilishakuwa na pamba na kiwanda cha nguo cha Mwatex, bibi yako alinishonea gauni la kitambaa chake.

Kitu kimoja kinanipa moyo na wachambuzi wa kwenye redio hawakipi uzito. Wachimbaji wadogo. Zamani dhahabu yao yote inapita kwa madalali na mifukoni kuvuka mpaka, serikali haioni kitu. Mwaka 2019 wakawafutia VAT ya asilimia 18 na ile kodi ya zuio ya asilimia 5, wakafungua masoko ya madini kuanzia Geita, unakwenda na mzigo unapimwa unalipwa bei inayojulikana, na ghafla dhahabu ikaanza kuonekana kwenye vitabu. Hawakutuma polisi wengi zaidi, walipunguza tu hasara ya kuwa mwaminifu. Sasa wanasema wadogo ndo wanaleta karibu asilimia 40 ya mapato ya madini. Ni dagaa wale wale mwanangu. Mgodi mkubwa una mashine na watu wachache wenye mishahara mizuri, machimbo madogo yana mwenye duara, wachimbaji, wenye karasha za kusaga mawe, mama ntilie, fundi wa pampu, muuza viroba vya kubebea mawe na magogo. Kuna zebaki pia, ile ya kunasia dhahabu, usinisahaulishe, inashikwa kwa mikono mitupu na watoto wa watu na nyingine inaishia kwenye mito, hilo silifichi.

Haya sasa hilo duara lenu.

Usitie hela. Nasema hivyo siyo kwa sababu machimbo ni mabaya, nimeshakueleza hapo juu. Ni kwa sababu wewe uko Dodoma na duara liko Nyarugusu, na hela ya duara inakwenda chini kila wiki, mafuta ya pampu, posho, magogo, leo wamefika kwenye mwamba wanaomba uongeze kidogo, na siku mawe yakitoka wewe haupo, viroba vinahesabiwa na nani? Huyo rafiki yako nampenda lakini naye hajawahi kushuka. Hata waliokaa pale pale wanaibiwa mawe mchana kweupe.

Kama unataka hela ya dhahabu uza kitu kwa wanaochimba. Wewe umesomea maji na mabomba, pale kila duara lina maji na kila pampu inakufa, na kanuni za 2018 zinaibana migodi mikubwa inunue huduma kwa Watanzania kwanza, sasa Mtanzania huyo kwa nini asiwe wewe na Doto? Doto amesema yuko tayari kutoka hapa kwenda Katoro, huko huko Geita, kuangalia fremu ya duka, kodi nimeambiwa imepanda lakini ukitoka nje kidogo ya stendi inashuka. Hela ya duara ileteni kwenye vipuri vya pampu, mimi nitaongezea kidogo dagaa wa mwezi huu wakilipwa na huyu Mkongo, ameahidi Ijumaa ingawa Ijumaa zake nazijua.

Nijibu kabla mwenye fremu hajampa mtu mwingine. Piga usiku, mchana niko Mwaloni makelele hatutasikilizana, na hao wenzako wabishi wasalimie, ukija wakuagize dagaa nitawapa bei ya jumla.

Mama