Kivinjari Kinapoilemea Kompyuta ya Nyumbani: Pima Kwanza, Ndipo Ufute

Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake ya nyumbani inakuwa nzito kila anapofungua kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Firefox), ushauri wa kwanza anaopewa ni kufuta historia, wa pili ni kwenda kwa fundi akapigiwe Windows upya, na wa tatu ni kununua mashine nyingine. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiishughulikia kompyuta ya nyumbani kwetu pamoja na za ndugu na majirani, nyingi zikiwa zile zinazoingia nchini baada ya kutumika maofisini Ulaya, zenye RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Msimamo wangu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayofaa kuchukuliwa kabla ya kujua ni sehemu gani hasa ya mashine inayoelemewa.

Kipimo cha mwanzo hakina gharama. Ukurasa unapochelewa kufunguka, fungua faili yoyote iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, kisha jaribu kuandika. Ikiwa faili inafunguka upesi na kishale kinatembea bila kukwama, kompyuta haina neno, na kinachochelewesha ni mtandao. Hapo hakuna kufuta wala kusafisha kutakakosaidia. Lakini ikiwa hata herufi unazoandika zinachelewa kutokea, mzigo umo ndani ya mashine.

Katika hali hiyo ya pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itafungua dirisha linaloorodhesha programu zote zinazofanya kazi, na kiasi ambacho kila moja inatumia cha prosesa (sehemu inayofanya hesabu za kompyuta), kumbukumbu (yaani RAM) na diski. Safu hizo tatu zisomwe pamoja. Kumbukumbu ikipita asilimia 90 na diski ikaganda kwenye 100, maana yake mara nyingi ni kwamba RAM imejaa na Windows imeanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha kuirudisha inapohitajika. RAM hujibu kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, ilhali diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa kila inapotafuta kitu, hivyo kompyuta hufanya kazi kama mpishi anayelazimika kwenda dukani kila anapohitaji chumvi. Ikiwa prosesa ndiyo iliyopanda huku kumbukumbu ikiwa bado na nafasi, mshukiwa ni ukurasa mmoja au kiendelezi kimoja, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari.

Wengi hushtuka wanapoona jina la kivinjari limejirudia mara kumi au zaidi katika orodha hiyo, wakadhani ni virusi. Sivyo. Tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008, ilijengwa ili kurasa zigawanywe katika michakato mbalimbali (sehemu zinazoendeshwa kila moja peke yake), ukurasa mmoja ukianguka usiziangushe nyingine. Firefox ilianza kufuata njia hiyo kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2016. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa prosesa uliopewa jina la Spectre kutangazwa, Chrome iliongeza utengano kati ya tovuti na tovuti, na Google wenyewe walikadiria kwamba ulinzi huo ungeongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Sehemu ya uzito tunaoulalamikia, kwa hiyo, ni gharama ya usalama, na sioni busara ya kuuzima ulinzi huo ili kuokoa RAM.

Orodha ya Windows mara nyingi haisemi ni ukurasa upi unaokula, na ndiyo maana inafaa kuingia ndani ya kivinjari chenyewe. Katika Chrome na Edge bonyeza Shift na Esc. Katika Firefox andika about:processes kwenye sehemu ya anwani. Ukipanga orodha kwa kumbukumbu, kisha kwa prosesa, utamwona mlaji kwa jina lake. Katika mashine nilizozipitia, mara nyingi hakuwa yule aliyedhaniwa. Video moja inayochezwa huweza kuwa nyepesi kuliko ukurasa wa matokeo ya mpira unaojionyesha upya kila mara huku matangazo yakicheza pembeni, au ukurasa wa mtandao wa kijamii ulioteremshwa tangu asubuhi bila kufungwa, ambao huzidi kukusanya picha kadiri unavyoendelea kuteremka.

Viendelezi vinastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika kila tovuti, na kiendelezi chenye ruhusa hiyo huweza kufanya kazi katika kila kichupo (tab) unachofungua. Jaribio lake ni rahisi: fungua dirisha fiche (Incognito), ambamo kwa kawaida viendelezi vya Chrome havifanyi kazi hadi uviruhusu, kisha tembelea kurasa zile zile ukiwa umefunga madirisha mengine. Wepesi ukirudi, zima viendelezi vyote, kisha washa nusu kwa nusu mpaka mhusika apatikane. Nina shaka hasa na viendelezi vinavyojinadi kwamba vitaharakisha kivinjari. Great Suspender kilipendwa na watu wengi kwa kulaza vichupo visivyotumika, lakini baada ya kuhamia mikononi mwa mmiliki mwingine, Google walikiondoa Februari 2021 kwa sababu kilikuwa na msimbo hasidi.

Kazi hiyo ya kulaza vichupo sasa imo ndani ya vivinjari vyenyewe, kwa hiyo iwashe kwenye mipangilio, katika sehemu ya utendaji. Ujue tu kwamba kichupo kilicholala hupakia ukurasa upya unapokirudia, na upakiaji huo unakula bando. Tovuti unazozirudia kila mara ziweke kwenye orodha ya zile zisizolazwa.

Suala la bando ndilo linalonifanya niupinge ushauri wa kufuta akiba ya kivinjari kila wiki. Akiba hiyo huhifadhi picha na faili za tovuti ili zisipakuliwe tena, na ukiifuta, siku inayofuata kivinjari kitazipakua upya kwa MB ulizozinunua, tena kwa kuchelewa zaidi. Haipo kwenye RAM muda wote. Kwa sehemu kubwa imo kwenye diski. Ifute diski inapokaribia kujaa, au tovuti fulani inapoonekana vibaya, na wakati huo chagua picha na faili tu, ukiacha vidakuzi (cookies, vinavyokumbuka kwamba umeshaingia kwenye tovuti), usije ukatolewa kwenye akaunti zako zote.

Yapo mambo mengine madogo. Zima ile ruhusa ya kivinjari kuendelea kufanya kazi baada ya kufungwa, na ondoa tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa bila sababu. Video zikikwama ilhali mtandao ni mzuri, jaribu kuzima matumizi ya kadi ya picha kwenye mipangilio ya kivinjari, katika sehemu ya mfumo, ufungue kivinjari upya na kulinganisha. Kompyuta ikiwa bado ina Windows 7 au 8.1, toleo la mwisho la Chrome inaloweza kupokea ni la 109, la mwaka 2023, na kwa mashine ya namna hiyo kubadili mfumo ni jambo la usalama kabla ya kuwa la kasi.

Ikiwa baada ya hayo yote kumbukumbu bado inajaa kwa vichupo vichache, ndipo fedha itumike. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, kwa mashine ya GB 4 ninachagua kuongeza RAM hadi GB 8, kisha SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) baadaye, isipokuwa pale kompyuta inapokuwa nzito hata kabla kivinjari hakijafunguliwa. Hapo SSD hutangulia. Kabla ya kwenda dukani, rudi kwenye dirisha lile la Ctrl, Shift na Esc, ufungue sehemu ya utendaji na kubofya kumbukumbu: utaona nafasi ngapi za RAM zimetumika. Uliza pia aina yake, kwa kuwa kipande cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR3, na baadhi ya kompyuta mpakato zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na zisipokuwa na nafasi ya ziada hakuna fundi atakayeziongezea kitu.