Maswali ya Wasomaji: Kanda, jezi na kumbukumbu za timu ya chuo

Barua tatu za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliokulia Marekani wakishabikia timu za vyuo vikuu. Tumezijibu pamoja kwa kuwa zinaingiliana.

SWALI: Nilikulia Ann Arbor wakati baba akisoma Chuo Kikuu cha Michigan. Nakumbuka vizuri fainali ya mpira wa kikapu ya 1993, Michigan na North Carolina. Juzi wanangu wamenionyesha kuwa ushindi wa Michigan wa msimu ule haupo kwenye rekodi, na sasa wananicheka. Je, nimechanganya mambo?

JIBU: Hujachanganya. Fainali ilichezwa Aprili 5, 1993, ndani ya Superdome, New Orleans, na North Carolina wakashinda 77 kwa 71. Waulize wanao habari ya taimauti (mapumziko mafupi ya timu) ya Chris Webber, mchezaji wa Michigan: zimebaki sekunde 11, Michigan wako nyuma 71 kwa 73, naye anaomba taimauti ilhali timu imeshazimaliza zote. Adhabu ni faulo ya kiufundi, yaani mitupo huru na mpira kwa wapinzani, na matumaini yakaishia hapo. Mwaka 2002 chuo chenyewe kilifuta ushindi wa msimu huo, pamoja na mechi za nusu fainali na fainali za 1992, kwa sababu ya fedha ambazo baadhi ya wachezaji walipokea kutoka kwa mfadhili. Mabango yakateremshwa ukumbini. Kwa hiyo wewe na wanao mnasema kweli, ila wewe unazungumzia mechi na wao wanazungumzia daftari.

Hata hivyo kumbukumbu za utotoni huteleza, na namna nzuri ya kuzipima ni kutumia kanuni za mchezo. Andika kwanza kila unachokumbuka, kabla hujatafuta popote, maana ukishaona picha za marudio hutajua tena lipi uliliona siku ile na lipi umeliona jana. Kisha pima. Kama unakumbuka mtupo wa pointi tatu ulioamua mechi ya mashindano ya taifa, mechi hiyo si ya kabla ya msimu wa 1986-87. Saa ya kushambulia, yaani muda ambao timu lazima iwe imetupa mpira kwenye kikapu, kwa wanaume ilianza msimu wa 1985-86 ikiwa ya sekunde 45, ikashuka hadi 35 mwaka 1993, halafu 30 mwaka 2015. Futiboli (ile ya Kimarekani) ya daraja la juu iliyoisha sare ni ya kabla ya msimu wa 1996. Na anayekuambia timu yake ilikuwa ya 23 katika orodha ya timu bora ya shirika la habari la AP mwaka 1985 amekosea mwaka au amekosea orodha: wakati huo AP ilitaja timu 20 tu, zikawa 25 mwaka 1989.

Kosa tunalolipata mara nyingi zaidi linahusu runinga. Watu huapa kuwa walitazama futiboli ya timu yao kila Jumamosi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikuwezekana. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndiyo iliyoshika haki za matangazo, na chini ya mpango wake wa mwisho timu moja haikuruhusiwa kuonyeshwa zaidi ya mara sita katika miaka miwili. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuvunja utaratibu huo Juni 27, 1984, katika kesi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Oklahoma. Ukikumbuka mechi nyingi za kabla ya hapo, huenda ulizisikia redioni, na picha ukazijaza mwenyewe.

SWALI: Marehemu baba aliacha kanda tatu za VHS zenye mechi za futiboli alizorekodi nyumbani, 1991 na 1992. Nimeazima deki, picha inaruka na chini kuna mistari myeupe. Nifungue nisafishe kwa spiriti?

JIBU: Usifungue, wala spiriti isiguse utepe. Kwanza toa kanda kwenye deki, uiangalie kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu: usiirudishe tena ndani, kwa sababu itachafua vichwa vya deki (sehemu zinazosoma utepe) na kuambukiza kanda zitakazofuata. Hiyo ipeleke kwa fundi wa kuhamisha kanda.

Kama ni safi, tatizo pengine ni kasi ya kurekodia. Kanda ya T-120 kwa kasi ya kawaida, SP, hubeba saa mbili, na futiboli ya chuo huzidi saa tatu. Wengi walirekodi kwa EP, kasi ya polepole ambayo hubeba saa sita, na bei yake inalipwa leo. Njia za picha kwenye utepe huwa na upana wa mikroni 58 kwa SP, lakini 19 tu kwa EP. Deki ambayo vichwa vyake vimekaa tofauti kidogo na ile iliyorekodi husoma njia ya jirani, na hapo ndipo mistari inapotokea.

Fanya hivi. Vunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asibonyeze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Jaribu deki kwa kanda isiyo na thamani. Ikiwa haitafuni, weka ya baba, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo mara moja ili utepe ukazwe sawasawa. Kisha cheza na urekebishe kwa vitufe vya tracking (vya kulinganisha vichwa na njia za picha), pole pole, ukisubiri sekunde kadhaa kila hatua. Ikigoma, badilisha deki. Ile ya baba mwenyewe, kama bado ipo, ndiyo dawa bora kuliko deki ghali yoyote. Hakikisha pia inasoma NTSC, mfumo wa Marekani. Deki inayosoma PAL pekee, mfumo wa nchi nyingine nyingi, huonyesha picha isiyo na rangi au inayozunguka. Sauti ikinguruma, hama kutoka sauti ya Hi-Fi uende kwenye sauti ya kawaida ya mono.

Unapohamisha, nasa kwa 720 kwa 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Muundo wa DV (aina ya faili la video ya dijitali) hula takribani GB 13 kwa saa, kwa hiyo mechi ya saa tatu na nusu ni karibu GB 45. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, moja nje ya nyumba. Na tafadhali usikate matangazo ya biashara. Hayo ndiyo yatakayokuambia tarehe, na pale picha inapokatika ghafla kisha kurudi timu zikiwa zimeshajipanga, ni kidole cha baba kwenye rimoti.

SWALI: Jezi yangu ya utotoni namba zimepasuka, na tiketi zimegandia kwenye albamu yenye kurasa za gundi. Nianze na ipi?

JIBU: Tiketi. Gundi hiyo huendelea kuzila. Pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini ya tiketi, ukiusogeza kama msumeno. Ikikataa, acha, piga picha ukurasa mzima. Zilizotoka ziweke kwenye mifuko ya poliesta au polipropilini, kamwe si PVC, na usizipige laminesheni: zile zilizochapwa kwa joto zitageuka nyeusi palepale.

Jezi ifue kwa mkono, maji baridi, ikiwa imegeuzwa ndani nje. Mashine ya kukaushia na pasi ndizo zinazopasua namba zaidi. Nyufa zilizopo hazizibiki. Iviringishe kwenye karatasi isiyo na asidi badala ya kuikunja, na mkunjo wowote usipite juu ya namba.