Jina la bosi kwenye makala ya mwani

Mdogo wangu, umeuliza kama ni sawa bosi awe mwandishi wa pili wa makala yako ya mwani kwa sababu ofisi yake ilitoa boti ya kwenda Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga. Si sawa hata kidogo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo hata majarida ya fani nyingine huifuata, ina masharti manne, na yote lazima yatimie: uwe umechangia kwa uzito wazo, data au uchambuzi, umeandika rasimu au umeihariri kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na umekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Boti haimo, wala fedha. Hiyo unaiandika kwenye shukrani, waziwazi: “Usafiri ulitolewa na ofisi fulani.” Na wale akina mama wanaolima mwani kwenye kamba baharini, waliokuonyesha unavyogeuka mweupe na kukatika maji yakipata joto, nao watajwe hapo, wakiridhia. Wamekupa kubwa kuliko boti!

Malizana na bosi kabla hujatuma. Makala ikishafika kwa mhariri, kuongeza au kufuta jina kutadaiwa maelezo na ridhaa ya waandishi wote kwa maandishi.